Mstari Mwekundu Kwenye Nati

Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa nati. Ilikuwa imelala kwenye changarawe pembeni mwa barabara, karibu na kiatu changu, na ilikuwa na mstari mwekundu wa rangi ya kucha. Baadaye ndipo nilipoona gari limeinamia mtaroni, na baba amekaa chini amekumbatia mkono wake wa kulia. Niliiokota ile nati. Ilikuwa bado ina joto. Niliitia mfukoni.

Hayo yalikuwa mwaka jana. Nitaeleza kwa utaratibu, maana nikianza katikati huwa napotea.

Baba ni fundi wa bodi. Ananyoosha magari yaliyogongwa na kuyapiga rangi. Karakana iko mbele, nyumba iko nyuma, na ukifungua mlango wa jikoni unapokewa na harufu ya thina ya kuyeyushia rangi. Mama alipofariki nilikuwa darasa la tano. Nilitoka shule kwa wiki mbili ili nimsaidie baba, na zile wiki mbili bado hazijaisha. Shangazi, dada yake baba, alikuja kukaa nasi. Yeye ndiye msemaji wa nyumba. Mimi hunitania, "Wanasema kimya kingi kina mshindo. Mwenzenu nimesubiri huo mshindo mpaka masikio yamezeeka."

Kwenye ukuta wa karakana kulikuwa na picha iliyokatwa kutoka kalenda. Gari dogo la michezo la zamani, viti viwili, halina paa, pua ndefu, taa mbili za duara. Baba aliitazama picha hiyo mpaka karatasi ikawa rangi ya chai. Kisha siku moja akaanza kulijenga.

Tulilijenga miaka sita. Fremu aliichomelea mwenyewe. Injini na gia zilitoka kwenye pikapu iliyopinduka. Bodi ni ya faiba: alitengeneza kalibu, tukapaka gundi na kitambaa cha nyuzi za kioo, tabaka juu ya tabaka, mikono ikituwasha usiku kucha. Tulilipiga rangi ya kijani. Kwa ile pua yake na jinsi lilivyochuchumaa, watu wakaliita Panzi.

Kila aliyepita aliuliza, "Fundi, hili ni lenyewe?"

"Lenyewe lipo kwenye picha," baba alijibu. "Hili ni nakala."

Akaliandika hata mgongoni, kwa herufi ndogo nyeupe juu ya taa ya nyuma: NAKALA. Shangazi alishika kiuno. "Kaka, wenzako wanaficha kasoro, wewe unaipiga chapa!"

"Si kasoro. Ni ukweli wake."

Kazi yangu ilikuwa mstari. Baba akishakaza nati, mimi nachukua kichupa cha rangi nyekundu ya kucha na kuchora mstari mmoja unaoanzia kwenye nati na kuishia kwenye chuma kilicho chini yake. Nati ikilegea hata kidogo, mstari unakatika na unaona kwa macho. Na nati isiyo na mstari haijakazwa. Hiyo ndiyo sheria, haina nyingine. Mwisho wa kazi baba huzunguka gari na tochi akitafuta nyekundu. "Mkono husahau," husema. "Rangi haisahau." Rangi yenyewe ilikuwa ya shangazi. Alilalamika kwamba nati za Panzi zina kucha nzuri kuliko zake.

Siku ya kulitoa Panzi kwa mara ya kwanza, gurudumu la mbele kushoto lilikuwa bado juu ya jeki. Baba alikuwa amezishikiza nati tano kwa vidole tu. Kukaza kwa nguvu hufanywa gurudumu likishakanyaga chini. Akaitwa getini. Mafundi wenzake walikuwa wamefika kutazama, nikasikia sauti zao, nyingi, zinacheka, zinakuja.

Mimi watu wengi siwawezi. Macho yao yakinigeukia, mikono yangu huwa kama ya mtu mwingine. Nilitaka niwe jikoni kabla hawajaingia. Nikafungua kichupa, nikachora mistari mitano haraka haraka, nikaondoka. Nilijiambia kwamba baba atashusha jeki na kukaza, na mistari itakatika, na nitakuja kuichora upya wakishaondoka.

Baba alirudi nao huku anasimulia jambo. Akashusha jeki huku anasimulia. Akainamia lile gurudumu, akaona nyekundu tano, akaiweka spana ukutani.

Haya niliyaunganisha mwenyewe baadaye. Wakati ule nilikuwa naosha sufuria iliyokuwa safi. Shangazi ndiye aliyenitoa. "Wewe! Miaka sita umekula gundi, leo watu wapande wewe ubaki na masufuria? Nenda kakae kwenye kiti chako." Nikaenda, nimeinamisha kichwa, nikakaa. Sikulitazama gurudumu.

Tulikwenda kama kilomita nne. Usukani ukaanza kutetemeka. Baba akasema, "Barabara hii nayo," akapunguza mwendo. Kisha gurudumu likatupita. Lilitangulia mbele yetu, peke yake, kama lina haraka ya mahali. Panzi likaanguka upande wa kushoto, chuma kikalia kwenye lami, usukani ukazunguka na kuuvunja mkono wa baba kwenye kifundo.

Tuliposhuka, mimi sikuwa na hata mchubuko.

Baba aliuliza kitu kimoja tu. Alikuwa amekaa chini, uso umepauka, na akauliza, "Zilikuwa na rangi?"

Nati ilikuwa mfukoni mwangu.

"Hapana," nilisema.

Nilitafuta nyingine, nikapata mbili. Jioni ile, baba akiwa hospitali, nilichukua kitambaa na thina nikafuta nusu za mistari zilizobaki kwenye gurudumu. Nikafuta na zile nati mbili. Ya kwanza sikuifuta. Sijui kwa nini. Baba aliporudi na mkono uliofungwa, nilimpa zile mbili, safi. Alizitazama sana. Kisha akaziweka kwenye dirisha la chumba chake, na hapo ndipo zilipokaa.

Kwa hesabu yake mambo yalikuwa wazi. Binti hakupaka rangi kwa sababu nati hazikukazwa. Yeye alizunguka gari, akapita mbele ya nati tano tupu, na hakuziona. Mkono ulisahau na jicho likasahau, siku moja, kwenye gari ambalo mwanawe alipanda.

Mkono ulipona. Daktari aliukunja, akaukunjua, akasema ni mzima. Lakini baba hakushika spana tena. Alihamia kwenye benchi la mlangoni. Wateja walikuja na magari yao yaliyobonyea, akawaambia waende kwa fundi mwingine, akawaelekeza hata njia. Siku moja alinyoosha kikombe kwangu nimmiminie chai, na birika lilikuwa mbele yake.

"Kaka," shangazi alimwambia, "kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

"Koleo halijavunjika," baba alisema. "Mhunzi ndiye aliyevunjika."

Shangazi akanitazama mimi, kama kwamba ni zamu yangu kusema kitu. Nikaondoa vikombe.

Mimi nilikuwa kama mguu uliokaliwa. Unauona, unajua ni wako, unaugonga na hausikii. Nilipika, nilifagia, nilicheka pale ambapo shangazi alitaka watu wacheke. Usiku nililala vizuri, na hilo ndilo lililonishangaza kidogo.

Baada ya miezi kadhaa baba aliniambia, "Panzi ni lako. Litengeneze." Hakueleza zaidi. Nikalitengeneza. Nilibadilisha boliti za gurudumu na sahani ya breki, nikajaza faiba pale bodi ilipopasuka, nikasugua, nikapiga rangi. Yeye alikaa kwenye benchi na kuniongoza kwa mdomo. Nikikaza nati nilichora mstari, na hakuna aliyekuja na tochi nyuma yangu.

Kisha akanifundisha kuliendesha, kwenye uwanja wa kiwanda cha matofali kilichofungwa. Alikaa pembeni, mikono chini ya mapaja.

"Gari hili ni jepesi na injini yake ni ya kubeba magunia," alisema. "Ukikanyaga mafuta kwenye kona, mkia utataka kutangulia. Punguza kabla ya kona, si ndani yake."

"Ndiyo, baba."

"Breki ni mguu wako tu, hakuna kompyuta ya kukusaidia. Ukifunga magurudumu, umekuwa abiria. Kwa hiyo acha nafasi. Wengine wakiacha ya gari moja, wewe acha tatu. Mvua ikinyesha, usitoke. Ikikukuta njiani, simama unywe soda."

"Ndiyo."

"Na dereva wa lori amekaa juu, wewe uko chini ya kioo chake. Usijiambie kwamba amekuona. Endesha kama mtu ambaye hayupo."

Hilo nilikuwa nalijua tangu utotoni.

"Na vijana wakikuungurumia injini kwenye taa za barabarani, watazame kama unavyomtazama mtu anayepiga miayo."

Nilifaulu mtihani wa leseni mara ya kwanza. Shangazi alipiga kigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani anaolewa. "Anaolewa na panzi!" shangazi alimwambia.

Ikabaki ukaguzi, ili Panzi liandikwe kwa jina langu. Na katika wiki hiyohiyo baba akamwita Moto, mchomeleaji wa mtaa wa pili, akamwambia aje achukue vifaa vyote: mashine ya kuchomelea, kompresa, nyundo za bati, spana. Alimwambia aje siku ileile ya ukaguzi, saa tisa mchana. Hakutaka kuwa na siku mbili za kuachana na vitu vyake.

Asubuhi ya siku hiyo Moto alipita kuhakikisha. Ni mtu mkubwa mwenye nyusi zilizoungua, na mbele ya baba huwa kama mtoto.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeleta mkokoteni?"

"Nitakuja na gari. Mzee, lakini fikiria tena. Mimi nyundo zako nitazishika vipi? Zimechukua umbo la kiganja chako."

"Zitachukua lako."

"Na ukizitaka?"

"Sitazitaka. Saa tisa, Moto. Usichelewe."

Moto akanigeukia. "Dada, msemeshe mzee wako basi." Shangazi akacheka mlangoni. "Umwombe huyo? Heri uliombe lile benchi."

Tuliondoka saa tatu. Nilifunga mikanda, wa kwangu na wa baba, inapita mabega yote mawili. Nilizunguka gari na tochi, ingawa jua lilikuwa limetoka. Barabarani niliendesha kama alivyonifunza. Magari yalitupita, watoto wakapunga mikono kutoka kwenye madirisha, kijana mmoja akaunguruma pembeni yetu kwenye taa. Nikamtazama kama mtu anayepiga miayo. Baba aliona, akacheka kidogo puani. Nilikuwa sijausikia mcheko huo kwa miezi kumi na minne.

Mkaguzi alikuwa mama mmoja mnene, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Alilizunguka Panzi mara mbili.

"Hili la mwaka gani?"

"Mwaka jana," alisema baba.

"Mzee, usinitanie. Sura hii ni ya enzi za mama yangu."

"Sura ni ya zamani, gari ni la juzi. Soma nyuma."

Akasoma, akacheka mpaka miwani ikamtoka. "Watu wananiletea nakala na kuapa kwa wazazi wao kwamba ni lenyewe. Wewe umenipunguzia kazi."

Aliingia kwenye shimo, akagonga fremu kwa nyundo ndogo. Alipima taa, akapima breki, akavuta mikanda kwa nguvu zake zote. Akaniambia nitoe gurudumu la mbele kushoto aone breki ya ndani. Nililitoa, akaangalia, nikalirudisha. Nilikaza kwa vidole, nikashusha jeki, nikakaza kwa spana mpaka ikagoma. Kisha nikafuta mistari ya zamani na kuchora mipya. Alinitazama muda wote.

"Na hizi nati zinakwenda harusini?"

Baba ndiye aliyemweleza. Alimweleza sheria yote, nati na mstari na tochi, na sauti yake ilikuwa ya zamani, ya fundi. Mkaguzi alikuwa anatikisa kichwa kwa kukubali. Kisha baba akaendelea.

"Lakini sheria ni ya mtu mwenye macho. Mwaka jana nilisahau gurudumu zima. Hilohilo. Binti yangu hakupaka rangi, kwa sababu hazikukazwa. Yeye alikuwa sahihi. Mimi nikapita na tochi yangu na sikuona kitu. Nikamweka kwenye kiti, nikaondoka naye." Alinionyesha kwa kidevu. "Huyu hajawahi kukosea mstari hata mmoja."

Mimi nilikuwa natazama ile kamba ya miwani. Ilikuwa ya kiatu, nyeusi, na ncha moja ilikuwa imetoka plastiki yake.

"Kukosea tunakosea wote, mzee," alisema mkaguzi.

"Ndiyo. Ndiyo maana nimeacha. Leo mchana vifaa vinaondoka."

Alipiga muhuri, akanipa karatasi mimi, si baba. "Hongera, binti. Endesha taratibu. Gari hili halina mto wa hewa wala huruma."

Tukarudi. Baba ana sheria nyingine: gurudumu likitolewa, ukishatembea kilomita chache unasimama na kulipima tena, maana chuma hukaa vizuri kikishatikiswa. Nilisimama mbele ya ghala linalouza milango. Milango ilikuwa imepangwa ukutani, haina nyumba. Ilikuwa saa nane na dakika kumi. Nilizima injini, nikavuta breki ya mkono, nikatoa spana nyuma ya kiti.

Nikainama. Mistari yote mitano ilikuwa mizima.

Baba naye alishuka. Alisimama juu yangu, kivuli chake kikafunika gurudumu. Nikamnyooshea spana. Sikuwa nimepanga. Mkono wangu ulinyooka wenyewe.

Aliitazama spana, akaurudisha mkono wake nyuma.

"Kaza wewe," alisema. "Mkono huu siuamini."

"Umepona, baba."

"Mfupa umepona." Alitazama barabara. "Kila nikifumba macho nazunguka lile gari na tochi. Nazunguka, nazunguka. Natafuta mahali nilipopita bila kuona. Sipaoni. Siku nzima ile naikumbuka, hata habari niliyokuwa nasimulia naikumbuka. Nati tano tupu sizikumbuki. Mtu anayesahau kiasi hicho hafai kushika gari la mtu."

Lori likatupita, likatikisa Panzi. Niliona nywele za baba zimeongezeka mvi juu ya masikio, na sikumbuki ziliongezeka lini, na mimi ndiye ninayezikata. Nilifikiri kwamba nikisema, hatanitazama tena jinsi alivyonitazama mbele ya yule mkaguzi. Nilifikiri pia juu ya Moto, ambaye huwa hachelewi. Nilisubiri nihisi hofu. Haikuja. Kilichokuja kilikuwa kitu kidogo, kama ule uchomaji wa sindano mguu unapoanza kuamka.

Niliingiza mkono mfukoni. Nguo nimebadilisha mara nyingi tangu mwaka jana, lakini nati huwa naihamisha. Niliitoa, nikaiweka kwenye kiganja chake cha kulia, upande wenye rangi ukiwa juu. Akaigeuza. Akaisogeza karibu na macho. Akanitazama, na midomo yake ikaanza kuuliza, nami nikasema kabla hajauliza, kwa sauti ambayo hata mtu wa milango aligeuka:

"Zilikuwa na rangi, baba. Zote tano. Nilizipaka mimi gurudumu likiwa bado juu ya jeki, kabla hujazikaza, kisha nikakwambia hapana. Wewe hukusahau kitu."